Makofi kwa Mtu Aliye Hai

Katika Nchi ya Buti, mtu mashuhuri akifa watu hawaangui kilio. Humpigia makofi. Jeneza likitokeza tu mlangoni, mikono yote ya mtaani huanza kazi, ya wauza samaki na ya mahakimu, na makofi hayo humsindikiza marehemu hadi katikati ya Uwanja Mkuu. Hapo, akishapigiwa ya kutosha, hugeuka marumaru. Hazikwi. Husimama juu ya nguzo yake fupi akitazama mbele, na kuanzia siku hiyo si kaka wa mtu wala mume wa mtu. Ni wa taifa. Ndugu zake hupewa heshima kubwa na hupokonywa kiti chake cha jikoni, kikawekwe mahali pa watu kukitazama. Hivyo ndivyo nchi ile ilivyowatunza wakubwa wake tangu buti lilipochomoza baharini na kuanza kukipiga teke kile kisiwa kilicho mbele ya kidole chake, na hakuna aliyeona kasoro yoyote, mpaka siku makofi yalipompata mtu ambaye hajafa.

Mtu huyo aliitwa Oreste, na aliyemtoa nyumbani hadi uwanjani alikuwa dada yake mwenyewe, Tullia.

Asubuhi ile walikuwa wamegombana kama kawaida yao. Walikuwa wazee, wote wawili wameshafiwa na wenzi wao, wakiishi pamoja katika nyumba ya mama yao yenye jiko linalotazama uwanja, na kila siku waligombana juu ya birika dogo la kahawa, kwa sababu Oreste alikuwa na tabia ya kuliacha motoni mpaka liungue. Siku hiyo Tullia alikuwa amelificha juu ya kabati. Oreste akapanda kwenye kiti chake, akanyoosha mkono, mgongo ukakaza, akabaki amejikunja pale pale akimrushia dada yake maneno ambayo mama yao asingeyapenda. Majirani wakaitwa. Wakang'oa mlango wa jikoni, wakamlaza chali juu yake, wakambeba kumpeleka kwa mkandaji ng'ambo ya uwanja. Jua lilikuwa kali na lilimpiga machoni. Tullia, kwa huruma zake, akamfunika uso kwa kitambaa cha mezani.

Kitambaa tu. Angemvika kofia, yasingetokea haya yote.

Watu waliokuwa uwanjani waliona majirani wamebeba mtu, mtu amelala chali, uso umefunikwa, na chini ya kitambaa ikaonekana ile miguu iliyojulikana nchi nzima, yenye misuli iliyosokotana hata uzeeni. Mmoja akapiga kofi. Wa pili hakuuliza kwa nini wa kwanza amepiga. Katika Nchi ya Buti hilo haliulizwi. Punde uwanja mzima ulikuwa unanguruma.

"Jamani, ni mzima huyu!" Tullia alipiga kelele. "Ni mgongo! Mgongo tu!"

"Pole sana, mama," walimjibu kwa upole, wakizidi kupiga. "Ametuachia mengi."

Ni kweli alikuwa amewaachia mengi, na hapo ndipo penye tatizo. Zamani, watu wa pajani mwa buti na watu wa kisiginoni mwake walipokuwa wanatafuta sababu ya kuchinjana, Oreste alikuwa kijana wa kushindana kwa baiskeli. Siku ya mashindano makubwa, akiwa anaongoza peke yake juu ya mlima, nchi nzima imeinamia redio, alishuka. Alisimama kando ya barabara. Mpinzani wake, mtu wa kisiginoni, alikuwa amekatikiwa na mnyororo wa baiskeli nyuma yake, na Oreste, mtu wa pajani, akapiga magoti kwenye vumbi akamfungia mnyororo ule, wakaondoka pamoja, akashindwa. Redio ilipotangaza hayo, watu waliokuwa wamekwisha kushika marungu wakayaweka chini. Tangu hapo, mtu akipatanisha mke na mume, au kaka na kaka, husemwa kuwa amefunga mnyororo. Watoto hufundishwa hivyo kabla ya kujua kuhesabu. Mnyororo ule ndio uliolishika buti lisichanike, au ndivyo walivyoamini, na mtu akiamini jambo kwa muda mrefu linapata miguu na kutembea lenyewe.

Majirani walipoona makofi yamekuwa mengi, wakaona haya kuendelea na safari ya kwa mkandaji. Wakauweka mlango chini, katikati ya wakubwa wengine, na wao pia wakaanza kupiga. Tullia akakivuta kile kitambaa.

Oreste alikuwa anarudi nyuma. Kila kofi lilimfuta mwaka mmoja usoni. Mikunjo ya pembeni mwa macho ilikwenda, ndevu nyeupe zikawa kijivu, kisha nyeusi, kisha hazipo. Na vidole vyake vya miguu vilikuwa vimeanza kung'aa, vyeupe, baridi. Uwanja ule haukutaka mzee mwenye mgongo mbovu. Uliitaka ile siku moja ya mlimani, na ulikuwa unamenya siku nyingine zote ili kuifikia.

Tullia aliitazama sura ile ya kijana ikijitokeza, nzuri kupita kiasi, na moyo ukamwuma. Kijana yule kila mtu alimjua. Alikuwa kwenye vitabu vya shule, kwenye makopo ya biskuti. Mzee ndiye aliyekuwa wake. Mzee aliyenuna wiki nzima baada ya mkewe kuzikwa kisha akaamka siku moja akapaka kuta zote rangi ya njano bila kuuliza mtu. Mzee anayeimba vibaya akinyoa. Mzee anayeunguza birika. Miaka hiyo yote hakuna aliyeipigia makofi, na sasa ilikuwa inaanguka pembeni mwa mlango kama maganda ya viazi, na watu wanaikanyaga.

*

Mtu ni nani? Tullia alijiuliza, na hakuwa mtu wa maswali ya namna hiyo. Alikuwa mtu wa sabuni na vitunguu. Lakini uwanja ule humfanyia hivyo kila anayesimama katikati yake.

Aliwatazama wakubwa waliomzunguka. Kulikuwa na Mtunzi, ambaye wimbo wake uliimbwa harusini na mazikoni. Kwake watu wa buti walirithi namna ya kulia, na hadi leo hakuna mtu kule anayejua kilio chake mwenyewe kingekuwaje. Wote hulia kwa sauti ya Mtunzi, wakipanda pale alipopanda na kushuka pale aliposhuka. Kulikuwa na Mama Wakili, aliyewapatia wanawake haki ya kutia sahihi zao, na kwake wanawake wote walirithi namna ya kubisha hodi, kwa ngumi badala ya vidole. Kulikuwa na Mtu wa Kioo, aliyeingia sebuleni mwa kila mtu kupitia televisheni, na kwake walirithi tabasamu lisilofungika hata mtu anapotangaziwa msiba. Na mbele yao wote, kwenye ukuta wa jumba kubwa, kulikuwa na roshani tupu.

Mtu wa Roshani hakuwa na sanamu. Alikuwa mwovu na walikwisha kumwondoa zamani, kwa hasira, wakafuta jina lake kila mahali. Lakini miaka aliyosema nao akiwa kule juu ilitosha. Watu wote wa Nchi ya Buti waliendelea kuzaliwa shingo zimeinuka kidogo. Walitembea wakitazama juu, wakijikwaa, na wakanunua dawa za kuchua shingo wakidai ni upepo wa milimani. Hawakuwa wanamtazama mtu. Walikuwa wanatazama mahali pa mtu.

Ndivyo walivyo wakubwa, Tullia aliwaza. Mzuri anakukaa kifuani, mbaya anakukaa shingoni. Wewe mwenyewe unabaki na wapi pa kukaa?

*

Mzee Celso, Mkuu wa Uwanja, alifika akiwa amevaa mkanda wake wa rangi. Nyuma yake watu wawili walikuwa wamebeba kiti cha jikoni cha Oreste, kile kile alichopanda asubuhi, chenye mguu mmoja unaocheza.

"Hongera na pole, Bi Tullia," alisema. "Kiti tumekichukua. Utapewa nafasi ya mbele kila sherehe."

"Mzee Celso, mtazame. Anapumua."

Celso akamtazama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka na mwenye mkanda. "Anapumua, naona," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini makofi yamekwishapigwa. Nitawaambiaje watu kwamba wamekosea? Tukikosea kwa huyu, wataanza kuuliza kuhusu wengine."

"Na makofi hayaondoki?"

"Unajua kinachoyaondoa. Kila mtu anajua."

Kweli, kila mtu alijua. Mluzi. Katika Nchi ya Buti, mtu anayetaka kumvunjia mwenzake heshima kabisa humpigia mluzi, na aliyepigiwa mluzi uwanjani hushuka, awe jiwe awe nyama. Lakini lazima uanzwe na mtu wa damu yake, mbele ya uso wake, watu wakisikia. Haukuwahi kupigwa hata mara moja. Familia gani ingekubali kumpaka matope mtu wake, wakati imekwishapewa nafasi ya mbele?

Marumaru ilikuwa imefika magotini. Tullia akapiga magoti, akamshika Oreste mkono. Ulikuwa bado wa moto, lakini haukuwa na ule mkunjo wa kidole alichokivunja akimtengenezea dirisha.

"Oreste. Wewe. Unanisikia?"

"Nakusikia, dada." Sauti ilikuwa ya kijana. "Mgongo hauumi tena."

"Hauumi kwa sababu unaondoka. Nitapiga mluzi, sawa? Utafedheheka kidogo, kisha tutakwenda nyumbani."

Macho yake yalizunguka uwanja, yakaona mikono yote ile, na Tullia akaona jambo ambalo hakulitarajia. Alikuwa anafurahi.

"Subiri kidogo," alisema. "Wasikilize. Maisha yangu yote baada ya ile siku nimekuwa nikijiuliza kama niliwahi kuwa mtu. Unaamka, unanyoa, unaunguza birika. Sasa angalia. Hapa sina shaka. Hapa siumwi, sizeeki, simkumbuki mke wangu usiku."

"Na mimi?"

"Wewe utanipitia kila siku ukienda sokoni."

"Nikupitie!" Machozi yalimtoka Tullia, na yalitoka kwa sauti ya Mtunzi, yakipanda pale alipopanda, jambo lililomkasirisha zaidi. "Nimekulea wewe. Nimekusikia ukikoroma miaka yote. Nikupitie kama nguzo ya taa? Nitamgombeza nani? Hao wanakupenda kwa siku moja, Oreste. Mimi nakupenda kwa hizo zilizobaki, ambazo hata wewe huzipendi!"

Jiwe lilikuwa kiunoni.

Ndipo aliposikia sauti nyuma yake, nyembamba, kavu. Ilikuwa ya Mama Wakili, midomo ya marumaru ikisogea kwa shida.

"Piga, mwanangu. Usimwombe ruhusa. Mimi nilimsubiri dada yangu apige. Alikuja, akasimama hapo hapo ulipo, akalowesha midomo, kisha akaona haya. Akawa ananiletea maua."

"Sitaki maua," alisema Tullia.

"Hata mimi sikuyataka."

*

Fikiria midomo ya bibi kizee. Imekauka. Meno mengine hayapo. Fikiria kwamba kwa midomo hiyo atamvua kaka yake nguo mbele ya nchi nzima. Watasema alimwonea wivu. Watasema ni mchawi. Hawatamwuzia mkate. Na kaka mwenyewe hataki kushuka, anafurahi, nani aliyekupa haki ya kumshusha mtu kwenye furaha yake? Nani? Ile miaka. Zile kuta za njano. Kile kidole kilichopinda. Hivyo navyo ni yeye, na havina mtu wa kuvisemea. Basi mimi nitavisemea. Lowesha midomo. Lowesha tena.

Tullia akapiga mluzi.

Haukuwa mluzi mzuri. Ulianza na upepo, ukakwama kwenye pengo la jino, kisha ukatoka mkali, ukavuka uwanja, ukagonga ukuta wa jumba kubwa na kurudi. Makofi yakasimama. Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa hata watu wakasikia matumbo ya wenzao. Marumaru ikasita kifuani mwa Oreste.

"Aibu!" mtu mmoja alifoka.

"Kaka yake mwenyewe!"

Tullia alipiga tena. Alimtazama Oreste machoni, na hakuacha kumtazama. Oreste akamtazama pia. Akaona kizee kinachopuliza hewa na kulia na kupuliza tena, kimevaa aproni yenye madoa, kimejifedhehesha kwa ajili yake mbele ya nchi nzima. Kitu kikalegea usoni pake. Mkunjo mmoja ukarudi pembeni ya jicho.

"Acha, dada," alisema. "Utapasuka. Acha, niseme mwenyewe." Kisha akainua sauti, na ilikuwa imeshaanza kukwaruza. "Jamani! Siku ile mlimani sikushuka kwa ajili ya mnyororo. Nilishuka kwa sababu ya tumbo. Nilikula matunda mabichi asubuhi. Nilitafuta kichaka. Nilipotoka kichakani nikamkuta yule mwenzangu na mnyororo wake umekatika, na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuchelewa, nikamfungia. Basi. Hakuna zaidi ya hapo."

Celso alishika mkanda wake kwa mikono miwili, macho yameelekezwa kwenye roshani, kana kwamba amri ingetoka huko. Kila mtu alifikiria jambo lile lile: kama mnyororo ule haukuwa mnyororo, basi buti limeshikwa na nini? Watu wa pajani wakaanza kuwatazama watu wa kisiginoni waliosimama kando yao. Mahali fulani mkono ulikuwa unatafuta rungu.

Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka katikati ya umati. Alikuwa bibi mnene wa pajani, amemshika mkono mumewe, babu mwembamba wa kisiginoni.

"Ngojeni kwanza," alisema. "Baba yangu alikubali huyu anioe kwa sababu ya mnyororo ule. Kwa hiyo mimi nimeolewa kwa sababu ya tumbo la Oreste?"

"Inaonekana hivyo, mama," alisema Oreste kwa unyonge.

Bibi yule akafikiri. Akamtazama mumewe kuanzia juu hadi chini. "Basi miaka yote hii huyu nimemvumilia kwa nguvu zangu mwenyewe!"

"Na mimi je?" alisema mumewe. "Unafikiri mnyororo ndio unaokula mapishi yako?"

Mtu akacheka. Wa pili hakumwiga wa kwanza. Alicheka kwa jambo lake mwenyewe, na wa tatu kwa lake. Kicheko kilitoka kwa sauti tofauti tofauti, kingine cha puani, kingine cha tumboni, hakuna hata kimoja kilichowahi kutungwa na mtu. Nafuu iliyowajia haikuwa na kifani. Walikuwa hawajachinjana, na sababu ya kutochinjana ilikuwa wao. Babu mmoja alimwuliza Oreste kwa sauti, "Lakini mnyororo ulifungwa, au haukufungwa?"

"Ulifungwa."

"Basi inatosha, ndugu yangu. Shuka."

Na miluzi ikaanza, uwanja mzima, miluzi ya kumwachia mtu njia. Marumaru ikamtoka Oreste vipande vipande. Ndevu nyeupe zikarudi, mikunjo ikarudi, kidole kikapinda mahali pake. Mgongo nao ukarudi, akapiga yowe, na Tullia hakuwahi kusikia yowe tamu kama lile. Alimkumbatia palepale kwenye mlango, akalia, na safari hii kilio chake kilikuwa kibaya sana, cha kukwaruza, kisichopanda wala kushuka. Kilikuwa chake.

Alipoinamisha kichwa kufuta macho, aliona viatu vyake. Vilikuwa na vumbi, na kimoja kilikuwa kimeachia mshono, labda siku nyingi. Akaangalia wengine. Wote walikuwa wameinamisha shingo, wakijichunguza miguu kwa mshangao, wengine wakizungusha shingo huku na huku kuona kama zinauma. Kule juu kwenye roshani njiwa walikuwa wanatembea, na hakuna aliyekuwa anawatazama. Celso alikuwa amevua mkanda wake ili ajikune vizuri. Na pembeni, mwanamke mmoja mwenye pua ile ile ya Mama Wakili alikuwa amemsogelea yule wa marumaru, analowesha midomo.

*

Jioni majirani waliurudisha mlango wa jikoni kwenye bawaba zake, na Celso mwenyewe akakileta kile kiti, akaomba radhi, akakataa kahawa, kisha akaikubali. Alipoondoka walibaki wawili. Oreste alikuwa amekwisha kukandwa na ananuka mafuta ya mkandaji. Akakaa kwenye kiti chake, kikacheza.

"Hiki kiti kimeharibiwa na taifa," alisema.

"Kilikuwa kinacheza tangu mama yuko hai. Kitengeneze. Si wewe mfunga minyororo?"

Akasonya. Lakini akashuka polepole, mkono mmoja mgongoni, akapiga magoti sakafuni kama alivyopiga siku ile kwenye vumbi la mlimani. Akakata kipande cha gamba la jibini, akakisokomeza chini ya ule mguu, akakitikisa kiti. Hakikucheza. Akainua uso, mzee, mchafu, ameridhika, hakuna aliyemwona ila dada yake. Nyuma yake birika lilikuwa limeanza kuungua.

Tullia alijawa na furaha kiasi kwamba mikono yake iliinuka yenyewe, viganja vikitazamana, tayari kukutana. Akaishtukia hewani. Akaitazama kidogo. Kisha akaifuta kwenye aproni na kuitumia kukata mkate.